Maji Yasiyowekwa Chini

Nilikuwa nimefika fundo la kumi na moja nilipoona kwamba la nane nimelikosea. Nikayafungua mpaka pale, nikaanza tena. Kamba ilikuwa ya katani, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, na wavu niliokuwa naufunga ulitakiwa kuukumbatia mtungi wa shaba kwa chini na kuubana shingoni, usiyumbe wala kuchomoka. Taa ya chemli niliiweka juu ya gunia la mahindi. Nje, mbele ya duka, Bwana Mukesh alikuwa akizungusha hendeli ya lori, nalo lilikuwa linakohoa na kunyamaza, linakohoa na kunyamaza.

"Isihaka," ilisema sauti mlangoni, "huo wavu utaumaliza leo au tuusubiri mpaka mavuno?"

"Shikamoo, mama. Yamebaki mafundo matatu."

"Marahaba. Jana jioni pia yalibaki matatu."

Huyo alikuwa Mama Tara, mama yake Mukesh mwenye duka. Mimi nilikuwa mpima mahindi na ufuta katika duka lao pale Handeni, mwaka wa saba sasa. Kabla ya hapo nilibeba mnyororo wa wapima barabara, na huko ndiko nilikojifunza kusoma, herufi moja moja, kwenye vigingi na kwenye maboksi ya vyombo vyao. Nilipata pia tabia ya kuhesabu hatua kila ninapotembea. Mke wangu Tatu husema nikifa nitahesabu hatua za wabeba jeneza.

Safari ya siku ile ilikuwa ya Mama Tara, ingawa ilikuja kuwa ya watu wengi. Miaka tisa nyuma Mukesh aliugua homa, akafika mahali daktari alikuwa akija kumtazama bila kufungua mkoba. Usiku mmoja mama yake aliweka nadhiri. Mwanawe akipona, siku hekalu la Wahindu litakapojengwa mahali wanapoweza kufika, yeye atakwenda penye mito miwili inayokutana, atachota maji, na atayabeba kwa mikono yake na miguu yake mpaka mlangoni, ili sanamu iogeshwe kwayo kabla ya kusimikwa. Mukesh akapona, akanenepa, akazaa. Hekalu halikuwapo. Mama Tara akangoja, na magoti yake yakazeeka kumzidi mwenyewe.

Mwaka ule wa 1954 wenzao wa Korogwe walimaliza kujenga hekalu lao Manundu. Sanamu ingesimikwa Ijumaa alfajiri. Maji ya watu wenye nadhiri yangepokelewa Jumatano na Alhamisi, mpaka jua linapozama. Hii ilikuwa Jumatano.

Kulikuwa na sharti moja ambalo alinieleza mara tatu, na mara zote tatu nililiandika. Mtungi ukishajazwa haugusi ardhi. Ukigusa, hata kwa kufumba na kufumbua jicho, maji hayo yamekwisha kuwa maji tu. Yanamwagwa, na mtu anarudi mtoni kuanza upya.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda Korogwe peke yangu na panga. Nilianzia pale Mto Lwengera unapoingia Pangani nikatembea mpaka Manundu kwa hatua za mwanamke mzee. Zilikuwa elfu sita na mia mbili. Njia yote karibu ni mkonge, na katika mkonge hakuna mti wa kutundika kitu. Nikachagua mahali pane pa kupumzikia. Kila mahali nikachimba shimo la mkono mmoja, nikasimamisha mti wenye panda kwa juu, nikashindilia udongo. Mama Tara angefika, angetundika mtungi kwenye panda kwa kitanzi cha wavu, angepumzisha mikono, angeendelea. Nilirudi Handeni nikiwa nimeridhika na kazi yangu, na labda hapo ndipo nilipokosea.

Lori liliwaka. Nilifunga fundo la mwisho likiwa tayari linatembea.

Mbele walikaa Mukesh na mama yake. Nyuma, juu ya magunia matupu, tulikaa mimi na dada yake Mukesh, jina lake Daxa, aliyekuwa ameolewa Tanga na amekuja kwa ajili ya sherehe. Alikuwa na kapu la chakula kubwa kuliko sanduku lake la nguo, na alikuwa mtu wa kutaka kuona kila kitu. Tulipita Misima kukiwa bado na ukungu mashambani. Aliniuliza majina ya vilima vyote. Vile nisivyovijua nilisema sivijui.

"Kiongozi gani wewe hujui vilima?" alisema.

"Nilikuwa napima barabara, dada. Kilima kikiwa pembeni hatukukiuliza jina."

Alicheka, akanipa mkate wa chapati uliokunjwa na kachumbari. Mama Tara hakula. Alikuwa amefunga tangu jana yake, kwa maji tu, mpaka mtungi ufike.

Tulifika Korogwe saa nne kasoro robo. Mpango wangu, ulioandikwa kwenye daftari, ulisema hivi: kuswali kwao katika chumba cha zamani cha ibada nyuma ya duka moja la nguo, nusu saa, kisha moja kwa moja mtoni, kufika Manundu saa nane. Lakini chumba cha zamani kina saa zake. Tuliambiwa tungoje, pazia limefungwa kwa sababu sanamu inalishwa. Tukangoja barazani. Pazia likafunguliwa, wakaimba, wakapewa vipande vya sukari, nami nikaletewa kimoja nje kwenye jani. Tulipotoka ilikuwa saa tano na nusu, na Daxa akamgeukia ndugu yake.

"Maporomoko ya kule Hale yako mbali?"

"Leo si siku yake," alisema Mukesh.

"Nimekaa Tanga miaka kumi na minne, kila mgeni anakuja ananiambia habari za maporomoko. Mimi mwenyewe sijayaona. Lori ninyi mnalo. Mnaninyima barabara?"

Mukesh alikuwa mdogo wake. Alimtazama mama yao. Mama Tara alikuwa ameukumbatia mtungi mtupu kifuani kama mtoto aliyelala. "Mpelekeni," alisema. "La sivyo tutasikia habari za maporomoko mpaka tufe."

Nilifungua daftari, nikafuta saa nane, nikaandika saa kumi. Sikuwakatalia. Baadaye nilijiuliza kama kiongozi wa safari hapewi heshima yake ili siku kama ile aseme hapana.

Maporomoko yalikuwa mazuri, siwezi kuyapunguza. Pangani, ambao kule juu unatembea kama mtu mwenye mzigo, pale unafika kwenye miamba ukamwagika kama mahindi yanayomiminwa kutoka gunia lisilo na mwisho, na vumbi lake la maji linapanda mpaka kwenye majani ya mikuyu. Daxa alisimama ukingoni na viatu mkononi, akapiga kelele za furaha ambazo hazikusikika. Mukesh naye akasahau saa. Mimi nilirudi kwenye lori. Mama Tara hakuwa ameshuka.

"Huangalii, mama?"

"Nasikia," alisema. "Maji mengi hivyo ni ya kusikia. Ya kubeba ni machache."

Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mlango wa lori. Midomo yake ilikauka. Nilimpa maji katika kibuyu changu akayamimina mdomoni bila kibuyu kugusa midomo, kama walivyozoea, mengine yakamwagikia shingoni.

Tulifika penye makutano ya mito saa tisa kasoro robo. Wa kwanza kutupokea alikuwa bibi mmoja aitwaye Mwaija, mwenye shamba la migomba lililoshuka mpaka ukingoni. Kwa Wazigua wa pale, huwezi kuchota maji mahali pale bila yeye kujua, kwa sababu ukoo wake ndio unaopatunza. Nilimwona Jumatatu, tukaelewana. Hata hivyo alishuka akiwa na fimbo yake, na hakuniangalia mimi. Aliangalia mtungi.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Geuza."

Mama Tara aliugeuza mtungi. Mwaija alipitisha kidole chini ya tako la mtungi, akakitazama. Sharti la pale ni kwamba chombo chenye masizi hakiingii mtoni, maji yatahama. Kidole kilikuwa safi. Mtungi ulikuwa umesuguliwa kwa ukwaju na majivu siku mbili nzima.

"Huyu mwanamke anajua kuosha chombo," Mwaija aliniambia, kana kwamba Mama Tara hakuwapo. Kisha akamwambia mwenyewe, "Maji yetu unayapeleka wapi?"

"Kwa Mungu," alisema Mama Tara. Alikuwa amezaliwa Handeni, Kiswahili chake kilikuwa sawa na changu, na Kizigua alikijua cha kutosha kumshinda mtu sokoni.

"Mwambie yametoka kwa Mwaija. Asije akadhani ni ya Korogwe mjini."

"Nitamwambia."

"Na magoti hayo yatafika?"

"Magoti hayakuweka nadhiri. Niliweka mimi. Yananifuata tu."

Mwaija alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Wakashuka majini wote wawili, wameshikana viwiko, mmoja na gauni lake refu jeupe la ujane, mmoja na kaniki. Maji ya Lwengera yalikuwa ya wazi kidogo, ya Pangani yalikuwa na udongo, na mstari wa kukutana kwao ulionekana. Mama Tara alizamisha mtungi juu ya mstari ule. Nikauvika wavu bila kuugusa mtungi wenyewe, nikakaza shingoni. Mukesh akachukua lori kuzunguka na barabara. Tukaanza kutembea: mimi mbele, Mama Tara na mtungi kifuani, Daxa nyuma na kapu lake.

Mti wa kwanza ulikuwa penye hatua elfu moja na mia mbili. Ulikuwapo. Mama Tara alitundika kitanzi kwenye panda, akaachia mikono polepole, akakunja na kukunjua vidole.

Daxa aliutazama mti kutoka juu mpaka chini. "Lakini mti wenyewe umeingia ardhini," alisema.

Nilimwonyesha kwa kidole.

"Mtungi uko kwenye kamba," nilisema, "kamba iko kwenye mti."

"Na mti uko wapi?"

"Ardhini."

"Basi."

"Na miguu ya mama iko wapi, dada?" niliuliza. "Si iko ardhini pia?"

Mama Tara, macho yamefumbwa, alisema, "Daxa, ukiendelea hivyo itabidi niruke mpaka Manundu. Mpe Isihaka ndizi." Nikapewa ndizi, na jambo likaisha, ingawa nilikumbuka kwamba Jumatatu, kabla ya kuondoka Korogwe, nilikuwa nimeliwaza hilo hilo, nikaenda kumuuliza mzee wao wa ibada wanayemwita Maharaji, naye akasema mti ni sawa.

Kati ya mti wa kwanza na wa pili jua lilitupiga usoni. Mkonge hauna kivuli, una ncha tu. Tulivuka reli ndogo ya vitoroli vya shamba, tukawapisha manamba wanne waliokuwa wakisukuma mzigo wa majani, wakatusalimu, wakageuka kumtazama bibi wa Kihindi aliyekumbatia mtungi. Mama Tara alikuwa anatembea hatua ishirini, anasimama, hatua ishirini, anasimama. Niliacha kuhesabu zake nikahesabu zangu. Nilihisi uchovu wake ukiniingia mimi, kama vile nami nimefunga.

Mti wa pili ulikuwapo. Hapo ukanda wa kiatu cha Daxa ulikatika, na kisigino chake kilikuwa kimechubuka mpaka nyama. Barabara ya shamba ilipita karibu, na Mukesh alikuwa ametungoja pale na lori kama tulivyopanga.

"Panda tu," Mama Tara alimwambia. "Kwa sasa unaongeza uzito wa kukuonea huruma."

"Na wewe?"

"Mimi niko na Isihaka."

Lori likaondoka na vumbi lake. Tukabaki wawili.

Mti wa tatu haukuwapo.

Nilisimama nikatazama shimo. Udongo ulikuwa umechimbuliwa vizuri, bila papara, na vipande vya gome vilikuwa pembeni, mahali mtu alipokaa akauchonga. Nilielewa papo hapo. Miti mingine mitatu niliikata ya ovyo, lakini huu wa tatu nilikuwa nimeupata mti mkole mnyoofu, mgumu, unaojaa kiganjani, nikaufurahia. Mtu yeyote mwenye jembe angeuona akajua ni mpini. Hakuiba. Alikuta mpini umesimama njiani. Kosa lilikuwa la aliyechagua.

"Mama, umechukuliwa."

"Naona."

"Nipe nishike kitanzi. Sitagusa mtungi. Nitakuwa mti tu."

Alitikisa kichwa. "Mti hauna mikono, Isihaka. Wewe unayo. Nilisema mikono yangu." Akabadilisha mtungi kutoka upande mmoja wa kifua kwenda mwingine. "Alasiri yako je?"

Alikuwa anajua saa zangu za swala baada ya miaka saba dukani. Nilisema nitaswali tukifika.

"Jua liko pale. Tukifika itakuwa imekupita. Swali. Nitasimama."

Nilitia udhu kwa maji ya kibuyu, kidogo kidogo, nikatandika gunia tupu kwenye vumbi la njia. Nilitaka kufanya haraka. Lakini mtu akiwa amechoka sana, kuweka paji la uso chini ni kama kuweka mzigo chini, na nakiri kwamba sijda ya mwisho niliirefusha.

Nilipotoa salamu nikageuka, Mama Tara alikuwa amesimama palepale, mtungi kifuani, macho yake mbali kwenye milima ya Usambara.

Nilikunja gunia. Ndipo nikaona ardhi. Miaka sita niliangalia ardhi kwa kazi, siwezi kuacha. Nyuma ya mahali nilipoweka miguu yangu, hatua mbili hivi, mburuzo mpana wa nyoka ulikuwa umekata njia kutoka mkonge wa kushoto kwenda mkonge wa kulia, mpya, kingo zake bado kali. Na mbele ya viatu vya Mama Tara palikuwa na duara la unyevu kwenye vumbi, ukubwa wa tako la mtungi. Mtungi ule ulikuwa unatoa jasho tangu mtoni.

Niliona hayo yote kwa muda wa kukunja gunia mara moja. Nilipoinua uso, hakuwa ananitazama. Nikasema, "Twende, mama?" Akasema, "Twende."

Hatua elfu moja na mia sita mpaka mti wa nne. Ulikuwapo, umepinda kama mguu wa mbuzi, hakuna mtu aliyeutamani. Alitundika, akakaa chini kwa mara ya kwanza, miguu imenyooshwa mbele yake kama msichana. Nilikuwa nawaza duara. Duara lile lilikuwa linakauka kule nyuma, na likikauka halitakuwapo. Nilijiambia labda ni maji yaliyodondoka. Lakini maji yanayodondoka hayaandiki duara. Nilijiambia si dini yangu. Nilijiambia magoti yake yameshateseka vya kutosha. Nilitazama vifundo vya miguu yake vilivyovimba juu ya viatu, nikasema moyoni, kesho huyu hawezi.

Tulifika Manundu jua likiwa limebakiza upana wa kiganja. Hekalu jipya lilinuka chokaa. Watu walikuwa kwenye ngazi, wengi wao wa maduka ya mjini, na Mukesh na Daxa walikimbia kutupokea. Daxa alikuwa analia. Maharaji, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, alishuka ngazi mbili, akanyoosha mikono kupokea mtungi.

Mama Tara alifika ngazi ya kwanza, akasimama.

"Isihaka," alisema bila kugeuka, na kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Kule nyuma, ulipokuwa unaswali. Uliona kitu?"

Nilijua anachoniuliza, na nilidhani najua anachotaka nijibu, lakini hayo mawili hayakuwa na uhakika sawa. Mwisho nilimjibu kama ningemjibu mpima barabara akiniuliza kigingi kiko wapi.

"Niliona mburuzo wa nyoka, mama. Na duara la mtungi."

Mukesh alinigeukia. "Bwana Isihaka!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa. "Huwezi kunyamaza hata mara moja?"

"Usimgombeze," alisema mama yake. Akamweleza Maharaji kwa Kigujarati, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu. "Nyoka alitoka nyuma ya Isihaka, mkubwa, amenyanyua shingo. Tangu nikiwa mtoto, nikimwona huyo naunganisha mikono kumsalimu. Mama yangu alifanya hivyo, bibi yangu alifanya hivyo. Mikono ikaenda yenyewe. Mtungi nikauweka chini kama mtu anayeweka chini kitu dukani mteja akiingia. Nilikuja kuuona chini nyoka ameshapita."

"Ungeniita!" nilisema. Nilikuwa nimesahau watu.

"Mtu haitwi akiwa ameinamia Mungu."

Maharaji alizungumza naye polepole. Niliona kwa mikono yake kwamba anamwambia si kitu, kwamba salamu ile nayo ilikuwa ibada, kwamba yeye atapokea. Daxa akaitikia, Mukesh akaitikia, na mwanamume mmoja kwenye ngazi akaitikia. Wote walikuwa na nyuso za watu wanaotaka siku iishe. Mama Tara alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Sikumwekea Maharaji nadhiri," alisema.

Kando ya ngazi palikuwa na kichaka kipya cha mrihani kilichopandwa katika kitalu cha saruji. Aliinama, goti likalia, akaumimina mtungi wote taratibu kwenye shina, mpaka tone la mwisho. Kisha akaufikia ukuta akauegemea.

Nilikwenda karibu naye wakati wengine wanatafuta kiti.

"Nisamehe, mama."

"Kwa nini?" Alikuwa amefumba macho. "Nilikuwa nimechoka mno kujiamulia. Nikasema nitamuuliza Isihaka. Akisema hakuona, nitaingia." Akafumbua macho. "Ningeingia kweli."

"Na ungelala vizuri?"

"Sijui. Na wewe hujui. Usianze kuandika."

Sikuandika. Mpaka leo sijui kama nilimfanyia wema au ukatili, na nimekuwa na muda wa kutosha wa kulipima jambo hilo. Wakati ule nilichokijua ni kwamba kesho ni Alhamisi, kwamba Alhamisi ina jua mpaka saa kumi na mbili na robo, na kwamba hatua ni elfu sita na mia mbili.

Walimpeleka kulala kwa ndugu zao palepale Manundu, akiwa bado amefunga. Kabla ya kuingia ndani aliniuliza tunaondoka saa ngapi.

"Alfajiri, mama. Moja kwa moja mtoni."

"Daxa?"

"Daxa na kisigino chake atabaki hapa, na maporomoko yake pia," alisema Daxa mwenyewe kutoka barazani, na mama yake akacheka, kicheko kifupi kilichochoka kama sisi sote.

Mukesh alikuja nilipokuwa nimekaa kwenye kibao cha nyuma cha lori. Alisimama kidogo. Akaniletea chai na chapati mbili, akaziweka karibu yangu, akaondoka. Nilimshukuru akiwa ameshanipa mgongo.

Mwangaza ulikuwa umebaki kidogo. Nilikuwa nimeokota tawi la mgunga nyuma ya hekalu, lililopinda, lenye vifundo, halifai kwa mpini wala kwa fito, hata kuni lingemchokoza mpasuaji. Nilianza kuichonga panda yake kwa ajili ya shimo la tatu. Upande mmoja nikaumaliza. Upande wa pili kisu kilianza kuteleza, nikagundua nimekuwa nikikata mahali palepale bila kusogea. Wavu nao ulikuwa umelegea shingoni, fundo la nane lile lile.

Nikaweka kisu chini, nikaweka tawi juu ya wavu ili nivione vyote viwili nikiamka. Upande mmoja wa panda na fundo moja. Vingengoja.